Nani dukani kwenu anaweza kusema hapana?

Msomaji wa Mwanza ameandika barua ndefu, nami naifupisha. Baba yao ana miaka 76. Alifungua duka la vifaa vya ujenzi mwaka 1987, na mpaka leo limeandikishwa kama jina la biashara lake peke yake. Ana watoto 7: 4 wa mama mkubwa, ambaye alishafariki, na 3 wa mama mdogo. Kaka mkubwa anaendesha duka kuu, kaka wa pili yuko tawi la Sengerema, na yeye, mtoto wa tatu, anaandika vitabu tangu 2015 bila cheo chochote. Mwaka 2022 mtoto wa kaka mkubwa, aliyekuwa ametoka chuo, alikabidhiwa meza ya pesa. Mwezi uleule mtunza stoo aliyekaa nao miaka 19 akaondoka "kwa kutoelewana na kijana". Mauzo ni karibu shilingi bilioni 1.4 kwa mwaka na hayajashuka, ila faida haionekani. Vitabu vina shilingi milioni 63 za mali kauli, yaani mzigo uliotoka bila kulipiwa, kwa ndugu na jamaa. Baba hataki kusikia neno wosia. Anauliza: "Nimesoma kwamba biashara za familia hufa kizazi cha tatu. Je, ndiko tumefika? Na nifanye nini bila kuonekana namfukuza kaka yangu?"

Dada yangu, nianze na hicho kizazi cha tatu, maana naona kimekutisha kuliko milioni 63, na ilipaswa iwe kinyume chake.

Takwimu unayoikuta kila mahali, kwamba ni biashara 13 tu kati ya 100 zinazovuka kizazi cha tatu, inatokana na utafiti wa Mmarekani mmoja, John Ward, uliochapishwa mwaka 1987. Alichukua viwanda vya familia vipatavyo 200 katika jimbo la Illinois, akatazama vilivyokuwa mwaka 1924 na vilipofika mwaka 1984. Asilimia 13 vilikuwa bado mikononi mwa familia zilezile. Ndiyo hiyo tu. Hakuvipima na viwanda visivyo vya familia kuona vipi vinakufa haraka zaidi. Na familia iliyouza kiwanda chake kwa bei nzuri haimo katika hizo 13, hata kama wenyewe waliondoka mezani wakicheka. Miaka 60 ni mingi kwa biashara ya aina yoyote. Hapo Mwanza penyewe, tembea mjini uhesabu milango ya maduka ambayo jina la juu yake ni lilelile la mwaka 1964.

Tena kwetu huku maduka mengi hayakuuliwa na wajukuu. Yaliondolewa na Azimio la Arusha la 1967, na sheria ya 1971 iliyotaifisha majengo, na ng'ambo ya ziwa yakaondolewa na amri ya Idi Amin ya 1972 ya kuwafukuza Waasia. Familia ya Madhvani ya Kakira, kule Uganda, ilipoteza kila kitu mwaka huo, ikarudi miaka ya 1980 na kufufua kiwanda chake cha sukari. Kwa hiyo hiyo hesabu ya vizazi usiifanye kama utabiri wa mganga.

Kuna kampuni ya Japani, Kongo Gumi, iliyokuwa ikijenga mahekalu Osaka tangu mwaka 578. Soma tena: mwaka 578. Ilikaa mikononi mwa familia moja mpaka 2006, ilipolemewa na madeni ya biashara ya ardhi na majengo ikachukuliwa na kampuni nyingine. Walidumu hivyo kwa sababu mtoto wa kwanza hakuwa na hati ya kurithi kiti. Kama hakufaa, kiti kilikwenda kwa mdogo wake, au kwa mkwe aliyekubali kuchukua jina la ukoo. Miaka ya 1930 kiti kilikaliwa na mjane. Wale watu walikuwa na ujasiri wa kumwambia mtoto wa kuzaa hapana, na kutoka hapo ndipo nataka tuzungumze.

Nimekagua vitabu vya maduka ya familia kwa miaka 20 na ushee. Zamani nilipofika kwenye duka linaloyumba nilikuwa naanza kwa kuuliza mtaji, mzunguko wa mzigo, riba ya benki. Siku hizi naanza na swali moja: hapa dukani, nani anaweza kumwambia nani hapana, na likakaa? Jibu lake linanieleza nusu ya hesabu kabla sijafungua daftari.

Chukua duka lenu la 1990. Baba alikuwa na uwezo wa kumwambia kila mtu hapana. Mama mkubwa akitaka bati kumi za kumpelekea ndugu yake, anaomba, baba anakubali au anakataa, na hakuna anayehoji. Watu husema duka la mwanzilishi hufanikiwa kwa akili ya mwanzilishi. Akili ipo, sikatai, lakini kubwa zaidi ni kwamba kuna sauti moja na kila mtu anaijua. Hata akikosea, anakosea haraka na anarekebisha haraka.

Sasa leta kizazi cha pili. Kaka mkubwa atamwambiaje kaka wa pili hapana? Ni ndugu yake, wamelala kitanda kimoja, na mali ni ya baba yao wote. Kaka wa pili akituma kirikuu, kile kigari cha mizigo, kutoka Sengerema kuchukua nondo "tutaandikiana baadaye", kaka mkubwa anatoa. Wiki ijayo na yeye anachota kwa ajili ya nyumba yake, maana mwenzake amechota. Hakuna mwizi hapo. Kila mmoja anahakikisha tu kwamba hapunjiki. Ila duka moja linalipia wasiwasi wa watu wawili.

Hili limepimwa. Watafiti walichunguza familia 93 kubwa za kibiashara za Thailand, mti wa ukoo mzima na makampuni yao yote. Walikuta kwamba kadiri watoto wa kiume wanavyokuwa wengi ndani ya uongozi, ndivyo faida inavyokuwa mbaya, na hali hiyo hujitokeza zaidi mwanzilishi akishafariki. Maelezo yao ni kwamba ndugu wanashindana kuvuta rasilimali kutoka chungu cha wote kabla mwenzao hajavuta. Niliposoma nilicheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimetoka wiki hiyohiyo kwenye kampuni ya mabasi ya ndugu wanne. Mabasi yote yalikuwa ya kampuni kwenye karatasi, lakini kila ndugu alikuwa na "basi lake". Matairi mapya yalikwenda kwa basi la mwenye sauti kubwa, na yale mengine yalitembea na vipara mpaka moja likaanguka. Thailand ni mbali, lakini chungu ni kilekile.

Denmark nao wana utafiti ninaoupenda kwa werevu wake. Ukitaka kujua kama kumrithisha mtoto uongozi kunaharibu biashara, una tatizo: huenda familia humpa mtoto biashara ambayo tayari ni mbovu, au humpa ile nzuri tu. Utalaumu nini? Wale watafiti wakagundua kwamba mzaliwa wa kwanza akiwa wa kiume, familia za Denmark huelekea zaidi kumpa kiti mtu wa ndani. Akiwa wa kike, huelekea zaidi kumchukua wa nje. Na mtoto kuzaliwa wa kiume au wa kike ni bahati ya Mungu, haihusiani na ubora wa kampuni. Wakatumia bahati hiyo kama mizani. Katika mabadiliko ya uongozi zaidi ya 5,000 waliyochunguza, kumpa mtu wa familia kuliteremsha faida juu ya mali za kampuni kwa pointi 4 za asilimia au zaidi. Kwa biashara ambayo mali zake zinaingiza asilimia 10 kwa mwaka, hiyo ni kushuka hadi 6, yaani shilingi 4 katika kila 10 za pato.

Usikimbilie kumsomea kaka yako aya hiyo. Japani imeonyesha upande wa pili: makampuni yaliyorithiwa na watoto wa kupanga, ambao wengi wao ni wakwe waliochukua jina la familia, yalifanya vizuri kuliko yale ya watoto wa damu. Zile kirikuu zenyewe zinazobeba saruji yenu ni Suzuki, na mzee Osamu Suzuki aliyeiongoza kampuni hiyo kwa miongo mingi hakuzaliwa Suzuki. Alizaliwa Matsuda, akaoa mjukuu wa mwanzilishi, akachukua jina. Hakuwa wa kwanza pale kuingia kwa njia hiyo. Kizazi cha pili au cha tatu hakina laana. Shida huanza pale kiti kinapokuwa cha mtu hata akilala, maana hapo hapana haiwezi tena kumfikia. Kwetu mkwe hawezi kupewa nafasi hiyo. Hata kumtazama baba mkwe usoni kuna koo hairuhusiwi, sembuse kumkatalia nondo. Kwa hiyo dawa ya Wajapani hatuwezi kuimeza nzima.

Mfano wa karibu zaidi uko Kenya. Maduka makubwa ya Tuskys na Naivas yote mawili mizizi yake ni Rongai, kaunti ya Nakuru, na yote mawili yalianzishwa na wazee waliofariki na kuwaachia watoto: wa Tuskys alifariki 2002, wa Naivas 2010. Yote mawili yaliona ndugu wakifikishana mahakamani. Tuskys, mgogoro wa ndugu uliolipuka hadharani 2012 haukuwahi kufungwa sawasawa, na mwaka 2020 wauzaji wa mizigo na wenye majengo walipodai pesa zao, matawi yakaanza kufungwa moja baada ya jingine. Naivas waliingiza wawekezaji wa nje kuanzia 2020, na mwaka 2022 IBL ya Mauritius na wenzake wakachukua asilimia 40. Kuna wanaosema familia iliuza urithi. Mimi naona walinunua kitu ambacho Tuskys hawakuwa nacho: mtu mezani ambaye si kaka wa yeyote.

Sasa nirudi kwenye barua yako, kwa sababu jambo kubwa zaidi umelitaja kwa sentensi moja ukapita. Mtunza stoo.

Umeandika kwamba yule mzee alikuwa hatoi hata kilo ya misumari bila kimemo chenye sahihi ya baba, na kwamba "watu walimwona mkali". Umeandika pia kwamba mali kauli ya ndugu mwishoni mwa 2021 ilikuwa milioni 8. Leo ni milioni 63. Wewe umeziweka habari hizi kurasa mbili tofauti. Mimi nimeziweka pamoja. Baba alipozeeka akaacha kuja dukani kila siku, hapana yake ilibaki stoo, kwa mtu asiye wa ukoo wenu. Alikuwa mwajiriwa, hana urithi wa kutetea, hana shemeji wa kumridhisha, na nyuma yake alikuwa na kimemo. Kijana alipomwondoa alidhani ameondoa ukorofi. Aliondoa kufuli.

Hebu tupige hesabu ndogo. Tuseme kwenye mfuko wa saruji mnabaki na shilingi 500. Kufidia milioni 63 mnahitaji kuuza mifuko 126,000. Hiyo ndiyo faida unayoitafuta kwenye vitabu huioni. Imejengewa nyumba za watu, na baadhi ya nyumba hizo mnakwenda kula pilau sikukuu.

Soko nalo lina sehemu yake, nisikudanganye. Tawi la Sengerema lilikuwa linaishi kwa foleni ya kivuko. Mtu wa Sengerema alinunua kwenu kuliko kusubiri Busisi nusu siku. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, mteja huyo anavuka mwenyewe, analinganisha bei, anarudi kabla ya mchana. Kaka wa pili atalaumiwa kwa kushuka kwa tawi, na sehemu ya lawama hiyo si yake. Mkikaa kikao, wewe mwenye vitabu ndiye wa kulisema hilo, tena mapema. Utakuwa umemtua mzigo mtu mmoja kabla hujamtwisha mwingine.

Na sasa nitakuudhi. Nataka umtetee kaka yako mkubwa.

Umesema halipwi mshahara kwa sababu "duka ni letu". Ameendesha duka miaka 20. Meneja wa duka la ukubwa huo, mtu baki, mngemlipa labda shilingi laki 9 kwa mwezi. Kwa miaka 20 ni milioni 216. Toa ada za watoto ambazo baba amemlipia, toa nyumba anayokaa bila kodi. Bado kuna kitu kikubwa ambacho kaka yako anaamini anakidai na hakuna karatasi inayokikubali. Mtu wa namna hiyo akitia mkono kwenye droo, moyoni mwake haibi. Anajilipa. Na kwa kuwa hajui anadai kiasi gani, hajui pia aache lini. Ndugu wa Dar es Salaam wanamwona amekalia mali ya wote, yeye anawaona wamekwenda mjini wakamwachia vumbi la saruji. Nimeona hili katika familia nyingi mno, na karibu kila mara pande zote mbili zina haki nusu.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza kampuni, hisa na wosia, tenganisheni mifuko mitatu. Anayefanya kazi alipwe mshahara wa kazi yake, uandikwe, alipwe tarehe moja na vijana wengine, na wewe pia umo. Miaka yote hii umefanya uhasibu wa bure halafu unajiona huna sauti. Anayemiliki apate gawio, mara moja kwa mwaka, baada ya hesabu kufungwa, hata kama yuko Dar es Salaam. Mwenye shida, harusi, msiba, ada, aombe msaada kutoka kwenye fungu lililotengwa mapema, na likiisha limeisha mpaka mwaka ujao. Sasa hivi vitu vyote vitatu vinatoka kwenye droo moja kwa jina moja, "natoa kidogo", ndiyo maana hata wewe mwenye kalamu huwezi kusema kipi ni halali.

Kuhusu kijana, mtoto wa kaka. Unalalamika kwamba hakusikii. Lakini umesahau wewe ni nani kwake: wewe ni shangazi yake. Kwa mila za koo nyingi, shangazi anaweza kumwambia mtoto wa kaka yake maneno ambayo baba mzazi hawezi, na kijana anainamisha kichwa. Dukani wewe ni mwandika vitabu asiye na cheo; nyumbani una cheo kuliko unachokihitaji. Mwite kwako, si dukani, mpikie, umwambie aende akafanye kazi kwa mtu mwingine miaka miwili au mitatu. Kwa wakala wa saruji, kwa duka la jumla la Kahama, popote ambapo akichelewa anakatwa mshahara na jina la babu yake halimsaidii. Ninavyoona mimi, mjukuu aliyewahi kuambiwa hapana na bosi asiye ndugu hurudi mtu tofauti. Yule aliyetoka chuo akaingia moja kwa moja kwenye meza ya pesa ya babu hufikiri meza hiyo ilitengenezwa kwa ajili yake.

Sasa baba na neno wosia. Mzee anaposema mnamtabiria kifo, hasingizii. Kwa umri wake wosia ni neno la kitandani. Basi achaneni nalo kwa sasa. Mwambieni habari ya kuandikisha kampuni, ambayo ni neno la biashara, na yeye ni mfanyabiashara. Mwelezeni bila kuzunguka: jina la biashara lililoandikishwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, si mtu mbele ya sheria. TIN, namba ya mlipakodi, ni yake yeye, leseni ni yake, mashine ya risiti ya EFD imefungwa kwenye TIN yake, akaunti ya benki ni yake. Siku akiondoka, akaunti inasimama mpaka mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi, na nimeona ikichukua miezi na nimeona ikichukua miaka, hasa pale penye watoto wa mama wawili na kikao cha ukoo hakikubaliani nani apendekezwe. Mwenye kiwanda cha saruji hasubiri mirathi. Kampuni haifi na mtu. Zinazorithiwa ni hisa. Duka asubuhi linafunguliwa. Kuhamisha mali kutoka kwa mtu kwenda kampuni kuna kodi na gharama zake, kwa hiyo wakili na mhasibu wakae naye pamoja, si kila mmoja kwa siku yake. Wosia utakuja wenyewe baadaye, na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, vifo na udhamini, wanapokea na kuhifadhi.

Kwa nini nasisitiza haya mzee akiwa hai? Dhirubhai Ambani, tajiri wa India mwenye kampuni ya Reliance, alifariki 2002 bila wosia. Wanawe wawili wakavutana mpaka 2005, na aliyewagawanya si mahakama bali mama yao. Nyinyi mama mkubwa hayupo tena, na mama mdogo hawezi kuwa mwamuzi kati ya watoto wake na wa marehemu hata awe na moyo wa dhahabu. Mkifika siku hiyo mkiwa hivi mlivyo, hamna wa kuwagawanya.

Mliye naye ni shangazi yenu. Umemtaja mara mbili kwamba ni mtu pekee anayemkatiza baba akiongea. Huyo ndiye aitishe kikao. Si wewe, maana utaonekana umetumwa na vitabu vyako, wala si kaka, maana ataonekana anajihami. Na kikao cha kwanza kisiwe cha maneno. Kiwe cha kuhesabu stoo. Fungeni duka Jumapili moja, ndugu wote walioweza kufika, wa mama mkubwa na wa mama mdogo, kila mmoja na kalamu, mhesabu nondo kwa nondo. Usiseme unamtafuta mwizi. Sema mnataka kujua mtaji ni kiasi gani kabla ya kuandikisha kampuni, jambo ambalo ni kweli. Nimeona watu ambao hawajasalimiana miaka miwili wakibishana kwa furaha kama hizo ni bati za geji 28 au 30. Na namba ikitoka mbele ya wote, baba ataiona bila mtu kumnyooshea mwingine kidole.

Baada ya hapo kampuni iwe na wakurugenzi watatu au wanne, na mmoja wao asiwe ndugu. Mhasibu mstaafu, mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye baba anamheshimu na hana haja na nondo zenu. Wekeni kiwango: ndugu yeyote anayetaka mzigo wa zaidi ya laki 5 kwa mali kauli, kimemo kiwe na sahihi mbili, moja ikiwa ya huyo wa nje. Lipo linaloonekana dogo hapo na ni kubwa: kaka mkubwa atapata pa kusingizia. Shemeji akija kuomba tani mbili za nondo, kaka hatalazimika kusema "sikupi". Atasema "mimi nimekubali, mzee yule hajasaini". Watu wengi wanaotoa mali hawapendi kuitoa. Hawana tu mlango wa kujificha nyuma yake.

Kizazi cha tatu nikiguse kidogo, maana ndilo swali lako la mwanzo. Nyinyi ni 7. Tuseme kila mmoja ana watoto 4: wajukuu 28. Duka likitoa gawio la milioni 40 kwa mwaka, kila mjukuu anapata kama milioni 1.4. Kwa mmoja aliye benki Dodoma hiyo ni pesa ya kubadilisha simu. Hatalipenda duka, hatalichukia, atalisahau mpaka siku atakayohitaji kuliuza. Mabinamu wanaokutana misibani tu hawawezi kuendesha chungu kimoja. Kwa hiyo mapema, labda ndani ya miaka 10, baadhi yenu mnunuliwe hisa zenu na wengine, kwa bei iliyokubaliwa na mthamini, mtoke mkiwa bado mnapendana. Pengine Sengerema ikatwe iwe ya kaka wa pili kabisa, na hasara na faida yake. Kugawana si kushindwa. Mzee akiwa hai anaweza hata kuifanya iwe zawadi.

Lakini hayo yote yanasubiri. Wiki hii fanya moja tu: nenda kwa yule mzee wa stoo. Usiende na kaka siku ya kwanza, na usiende mikono mitupu. Usimwambie arudi, kwanza msalimie, umpe pole ambayo nyumba yenu haikumpa. Kisha muulize kuhusu zile kaunta buku alizokuwa anaandika kila mzigo unaotoka, jina na tarehe na aliyesaini. Umesema dukani hazipo. Wazee wa stoo hawatupi kaunta buku. Nadhani ziko chini ya kitanda chake.